Maboga yanasumbua nyumbani? Soma dalili kwanza kabla hujashika sumu (kwa sisi wa Dodoma)

Mvua za mwezi wa 12 zikishashika tu naanza kuulizwa maswali yaleyale, maua kibao boga hamna, majani yana unga, kaboga kameoza, nipige dawa gani. Na karibu kila mtu anaanza na hilo neno dawa kabla hata hajageuza jani akaangalia chini kuna nini. Mi nalima maboga na mamumunye nyuma ya nyumba hapa Nkuhungu, sehemu ndogo tu, na kwa jinsi nilivyoona mwaka hadi mwaka matatizo mengi tunayoyaita wadudu sio wadudu kabisa, ni maji, ni jua, ni nyuki hawajaja. Na ukumbuke boga ni mmea ambao tunakula majani yake, maua yake, tunda lake na mbegu zake tunakaanga, kwaiyo sumu ukipiga ina milango minne ya kuingia kwenye sufuria yako.

Kabla ya yote, jifunze kuangalia. Toka saa 12 na nusu asubuhi, geuza majani matatu kwa kila shina, moja la zamani chini kabisa, moja la katikati, moja changa karibu na ncha. Alafu chomeka kidole kwenye udongo mpaka fundo la pili. Usiku saa 3 rudi na tochi ya simu kwa sababu kuna wezi wa usiku ambao mchana huwaoni ng'o. Ukifanya hivo siku 2 tu mfululizo nusu ya maswali unajijibu mwenyewe.

Maua kibao, maboga hamna

Hili ndo namba moja. Na sababu ya kwanza ni kwamba hayo maua yote ni madume, majike bado. Boga linaanza na maua dume, wiki moja mpaka mbili hivi, ndo majike yanakuja. Kuyatofautisha ni rahisi, ua dume limekaa juu ya kikonyo kirefu chembamba na ndani lina kijiti kimoja kimejaa vumbi la njano, ua jike lina kikonyo kifupi na chini yake kuna kaboga kadogo tayari, saizi ya gololi. Kama huoni gololi hata moja na shina lako ndo kwanza limeanza kutoa maua, subiri tu, hamna ugonjwa hapo.

Kama majike yapo ila yanadondoka, basi nyuki hawafiki au wanafika wachache. Ua la boga linafunguka alfajiri na siku ya jua kali ikifika saa 3, saa 4 limeshajifunga, na ua jike likishafunga halifunguki tena, asubuhi yake ni moja tu. Kaa hapo saa 1 asubuhi dakika 10 uhesabu nyuki wanaoingia. Ukiona wawili watatu wanapita, fresh, usipoona hata mmoja hilo ndo jibu lako.

Hapa lazima niseme kitu ambacho kiliniuma. Mwaka mmoja niliona vidukari kwenye mashina mawili nikaenda duka moja la pembejeo, nikapewa kichupa, nikaambiwa piga asubuhi. Nikapiga saa 1, maua yakiwa wazi. Mchana nikawakuta nyuki ndani ya maua, wengine wamelala chali miguu inacheza, mmoja bado ana vumbi la njano miguuni. Zaidi ya wiki 3 baada ya hapo sikupata boga hata moja, majike yakawa yanatoka na kuanguka, yanatoka na kuanguka. Vidukari wenyewe walirudi kabla nyuki hawajarudi.

Kwaiyo kama nyuki hamna, chavusha kwa mkono. Chuma ua dume lililofunguka asubuhi hiyohiyo, chana majani yake ya njano ubakize kijiti, alafu paka taratibu kwenye kitovu cha ua jike ukizungusha pande zote. Dume moja linatosha majike mawili. Ifanye kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, ukichelewa unasumbuka bure. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alikuja kuniuliza, "Mwanangu, mbona ya kwako yanashika na ya kwangu hayashiki, na mbegu ni ileile uliyonipa?" Nikamwambia, "Shikamoo mama, twende kesho alfajiri nikuoneshe." Tulichavusha maua 4, matatu yakashika. Sa hivi anafanya mwenyewe kila asubuhi kabla ya kuchemsha chai.

Sababu ya tatu ni mbolea. Ukimwaga yurea nyingi, shina linanenepa, majani yanakuwa makubwa kama ungo, mtu anafurahi, kumbe lile shina limeamua kukua tu na habari za kuzaa halina. Acha yurea kabisa likishaanza kutambaa, samadi iliyooza vizuri inatosha.

Ya nne ni ya kwetu sisi wala majani. Msusa tunaupenda, na karanga ndo usiseme, lakini ukichuma ncha kila baada ya siku 2 kwenye shina hilohilo unategemea lipate wapi nguvu ya kubeba boga? Kuchuma ncha mara moja moja sio vibaya, linatoa matawi ya pembeni na majike mengi yanakaa huko, ila kuzidisha ndo tatizo. Mi nimetenga mashina mawili ya majani, yaliyobaki siyagusi.

Mwisho ni joto. Ukipanda kwa kumwagilia ili maua yatoke mwezi wa 10 au wa 11 huku kwetu, joto la mchana linapita nyuzi 30 na shina linaweza kuendelea kutoa madume tu. Likishapoa kidogo majike yanakuja. Kwa hilo hamna dawa ya kununua, weka maji ya kutosha usubiri.

Kaboga kanatoka alafu kanakuwa njano, au kanaoza

Chukua kisu ukate katikati. Nimewaambia watu wengi hivi, kata kwanza ndo uniambie.

Ukikuta ndani pakavu, hamna tundu, hamna mdudu, na unjano ulianzia kwenye ncha ya ua ukapanda juu, hilo halikuchavushwa. Linaanguka lenyewe ndani ya siku chache. Rudi kwenye kichwa cha juu.

Ukikuta funza weupe, wadogo kama punje za mchele, huyo ni inzi wa matunda. Waweke kwenye sahani uangalie, baadhi yao wanajikunja na kujirusha kabisa, hapo huna haja ya kuuliza mtu. Kwa nje utaona kitundu kama cha sindano, mara nyingi kina tone la utomvu limeganda kama gundi, na pale pembeni ngozi imebonyea au boga limekua limepinda. Inzi jike anatoboa boga changa likiwa na ngozi laini, anaweka mayai, funza wanakula ndani, wakishiba wanatoka na kuingia kwenye udongo sentimita chache tu chini ya shina, wanageuka bundo, yaani kifuko kigumu kilichotulia, alafu wanatoka inzi wapya. Kwa joto letu mzunguko wote unaweza kuisha kwa wiki 3 hivi. Ndo maana dawa ya kupuliza juu ya majani haisaidii sana, funza yuko ndani ya boga na bundo liko ndani ya udongo, wewe unaosha majani.

Kinachosaidia ni usafi na kufunika. Kila siku okota vilivyoanguka na chuma vilivyotobolewa, usivitupe kwenye rundo la takataka pembeni ya bustani wala kwenye mbolea unayoozesha, hapo unafuga inzi. Fukia shimo la futi 2, au weka kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana uiache juani wiki 2. Kaboga kakishashika, siku ya 2 au ya 3 baada ya ua kunyauka, kafunge na gazeti au kitambaa chepesi cha kanga kuukuu, funga kwenye kikonyo bila kukaza sana maana kitanenepa. Unafungua ngozi ikishakuwa ngumu kiasi kwamba ukucha hauingii kirahisi. Kazi yake ni ndogo kuliko unavyofikiri, maboga 10 ni nusu saa. Na udongo wa chini ya shina uukwangue juu juu ili mabundo yapate jua, na hapo ndo waite kuku kwa muda mfupi huku umesimama, wanajua kazi yao. Ukiondoka wanachimbua na mizizi.

Ukifunika, ukaokota kila siku, na bado zaidi ya nusu ya maboga yanatobolewa, basi inzi wanatoka kwa majirani au kwenye mashamba ya matikiti yaliyo karibu na hutaweza peke yako. Muone afisa ugani wa kata yako muongelee mitego ya harufu, inafanya kazi vizuri mkiweka mtaa mzima kuliko mtu mmoja.

Sababu nyingine, hasa kwenye mamumunye, ni kuoza kitako. Doa la maji maji chini kabisa upande wa ua, linakuwa kahawia, linakauka kama ngozi, lakini tundu hamna na funza hamna. Hii inatoka na maji ya kubahatisha, mgao ukikatika siku 6 udongo unakuwa jiwe, maji yakirudi unamwaga mapipa mawili kwa furaha. Kalisi (kalsiamu), madini ambayo tunda likiyakosa linaoza hivyo, inaweza kuwepo kwenye udongo ila haifiki kwenye tunda kama maji hayatembei sawasawa. Kidogo kwa ratiba ni bora kuliko mengi kwa mshtuko. Na boga linalolalia udongo wenye unyevu litaingiwa na jongoo na ukungu, liwekee kigae au nyasi kavu chini, yaishe.

Na jua kwamba shina likishabeba maboga 3 au 4 makubwa linaweza kuangusha mengine lenyewe. Hilo sio ugonjwa.

Mchana shina lote limelala

Usimwage maji kwanza. Rudi saa 12 jioni uliangalie, kama limesimama tena halina shida, majani makubwa yale yanapoteza maji mchana kuliko mizizi inavyoweza kuleta, linajikinga tu. Watu wanaua mashina kwa kuyamwagia mchana kila yanapolala mpaka mizizi inaoza.

Kama jioni bado limelala, kidole kwenye udongo. Pakavu mpaka fundo la pili ni kiu. Kwenye udongo wetu mwekundu wa kichanga mi nampa kila shina lita 10 mpaka 15 kila baada ya siku 3, polepole, shinani sio juu ya majani, na hiyo inashinda kunyunyiza kidogo kidogo kila siku maana maji ya juu juu yanafundisha mizizi kukaa juu. Ukikosa muda, chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa mfuniko vitundu viwili kwa sindano ya moto, kata kitako, ichomeke kichwa chini karibu na shina, jaza. Alafu tandaza mabua ya mtama au nyasi kavu, ila acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina kwa sababu ya mchwa.

Kama udongo una unyevu na bado limelala, hapo ndo tunaingia ndani. Angalia shinani kuna vijia vya udongo vya mchwa? Mchwa wanapenda mmea ulioshadhoofika kwa ukame na samadi mbichi inawaita. Angalia kingo za majani zimeungua kahawia na juu ya udongo kuna ukoko mweupe? Hiyo ni chumvi ya maji ya kisima, baadhi ya visima huku vina maji mazito, onja tu utajua. Ukiwa na njia ya kupata maji ya mvua au ya bomba, mwagilia mengi mara moja ili chumvi ishuke chini, na punguza mbolea ya dukani maana nayo ni chumvi juu ya chumvi.

Vyote hivyo hamna, ng'oa shina moja lililo baya zaidi. Mizizi ina vinundu vinundu kama shanga? Minyoo fundo. Usipande tena hapo maboga, nyanya, bamia wala bilinganya kwa misimu kadhaa, hama kona. Mizizi haina vinundu, lakini ukikata shina chini ndani pana mstari wa kahawia, na lilianza kunyauka tawi moja kabla ya mengine? Huo ni mnyauko wa kwenye udongo, hauna tiba, ng'oa uchome moto. Simama hapo na umuite afisa ugani kama yamekufa mashina 3 au zaidi ndani ya wiki moja, na tafadhali usingʼoe yote kabla hajafika, muachie hata mawili yaliyo nusu hai aone, akikuta majivu atakwambia nini?

Majani yametobolewa au yamebaki wavu

Tundu za duara kwenye miche midogo, na asubuhi unaona vimdudu vya rangi ya machungwa vyembamba kama punje ya mpunga, vinaruka ukivigusa. Hao ni mende wa maboga. Alfajiri wana baridi, ni wazito, waokote uwadondoshe kwenye kopo la maji ya sabuni. Nyunyiza jivu kavu kwenye majani kukiwa na umande, rudia mvua ikinyesha. Mche ukishafikisha majani 5 au 6 makubwa hawauwezi tena, kwaiyo hofu yako iwe wiki 3 za mwanzo.

Jani likiwa limekwanguliwa limebaki mishipa kama chujio, huyo ni mdudu anayeitwa kobe mla majani, mviringo, mgongo wa machungwa una madoa meusi, na watoto wake ni wa njano wenye miiba laini wanaokaa chini ya jani. Sasa hapa tahadhari, kuna ndugu yake anayefanana naye ambaye ni rafiki yetu, anakula vidukari. Muweke kwenye kiganja umuangalie vizuri juani, rafiki anang'aa kama amepakwa mafuta, adui mgongo wake umefifia, una vinyweleo vifupi sana kama kitambaa cha mahameli. Ukiua wote umeua na mlinzi. Ponda mayai ya njano yaliyopangwa kwa kikundi chini ya majani, lakini ukiona kikundi hicho pembeni ya vidukari liache hilo jani.

Miche iliyokatwa kwenye shina usiku, imelala pembeni kama imekatwa na mkasi, ni sota, kiwavi wa usiku. Fukua sentimita 3 kuzunguka mche utamkuta amejikunja, wa kijivu. Muue, alafu mche mpya uvalishe pete ya chupa ya maji iliyokatwa, nusu iwe ndani ya udongo.

Mistari myeupe iliyopinda pinda kwenye jani ni funza mdogo anatembea ndani ya jani. Chuma hayo majani machache uyachome, usihangaike zaidi. Na jani lililotoweka lote na kikonyo chake, angalia mbuzi wa nani yuko nje.

Unga mweupe, madoa ya njano

Pitisha kidole. Unga ukifutika na kubaki kidoleni ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Usipofutika, na weupe uko kwenye makutano ya mishipa, na jani ni zima halinyauki, hiyo ni rangi ya mbegu yako tu, maboga mengi ya kienyeji yana mabaka meupe ya asili, na nimeshaona mtu amepiga dawa ya ukungu mara 4 kwenye mmea mzima kabisa.

Ubwiri unga huku unapenda mvua zikikatika, mwezi wa 4 kwenda wa 6, usiku wa baridi na mchana mkavu. Ukianza kwenye majani ya zamani huku maboga yamekaribia kukomaa, ondoa yaliyoharibika sana uache mengine. Ukianza mapema, changanya sehemu 1 ya maziwa freshi na sehemu 9 za maji, nyunyiza asubuhi juu na chini ya majani mara 1 au 2 kwa wiki. Mtafiti wa Brazil, Wagner Bettiol, aliijaribu hiyo kwenye mamumunye mwaka 1999 na ilifanya kazi, nami naitumia, ila inazuia kuliko inavyotibu, anza mapema. Sasa Dodoma ni mji wa zabibu na utapewa salfa, dawa yao ya ukungu, na mtu wa zabibu, kwa nia njema kabisa. Kuwa makini, majani ya boga ni laini, salfa kwenye jua kali inayaunguza. Kama lazima, jaribu jani moja jioni usubiri siku 2.

Madoa ya njano yenye kona kona, yamezuiwa na mishipa, na chini ya jani asubuhi kuna vinyoya vya kijivu, hiyo ni ubwiri vinyoya, ugonjwa wa mvua za mwezi wa 1 mpaka wa 3. Inaenda haraka sana. Punguza majani upepo upite, usimwagilie juu, na kama ndani ya siku 3 imepanda mpaka majani ya juu peleka jani kwa afisa ugani likiwa bichi kwenye gazeti, usimuelezee kwa simu.

Majani yamejikunja, yana batobato

Geuza jani changa. Vidukari wamejazana, kijani au weusi, na sisimizi wanapanda na kushuka? Wapige na maji ya nguvu kwa mkono, jioni pulizia sabuni ya maji kijiko 1 cha chakula kwa lita 4 za maji, chini ya majani. Mwarobaini tunao kila mtaa, twanga kilo 1 ya majani, loweka lita 5 za maji usiku mzima, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ishike, piga jioni maua yakiwa yamefunga. Vumbi na utando mwembamba chini ya majani wakati wa kiangazi cha upepo ni utitiri, nao hawapendi maji, osha majani asubuhi siku 3 mfululizo.

Lakini kama jani lina mabaka ya kijani kibichi na njano, limekunjamana kama kiatu kilicholowa, na boga lina manundu, hicho ni kirusi cha batobato na hakitibiki. Kimeletwa na vidukari hao hao. Ng'oa shina siku hiyo, nawa mikono na sabuni kabla hujagusa jingine, usitunze mbegu zake. Najua inauma kung'oa shina lenye maboga mawili, mi liliniuma pia nikaliacha, na wiki 3 baadae matano yaliyolizunguka yakawa hivohivo.

Ukiamua sumu, hapa ndo pa kusimama

Usinunue iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa bila lebo, hata muuzaji awe ndugu yako. Lebo ndo inakwambia ni ya mdudu gani, kipimo gani, na siku ngapi usubiri kabla ya kuvuna. Kama lebo imetaja tunda tu na majani haijayataja, msusa wa shina hilo usiule. Piga jioni, upepo ukiwa umelala, watoto na kuku wakiwa mbali, na usichanganye dawa mbili kwa kubuni.

Mtu aliyepiga au kugusa sumu akianza kutoka jasho jingi, mate mengi, kichwa kuuma, kutapika, kutetemeka au kupumua kwa shida, muondoe hapo, mvue nguo, muoshe kwa maji na sabuni, mpeleke hospitali na chupa yenye lebo mkononi. Usimtapishe na usimpe maziwa kumsubirisha.

Boga limeiva ila chungu

Hii ni adimu lakini ndo naiogopa kuliko zote. Kabla ya kupika boga au mumunye la mbegu ulizotunza mwenyewe, onja kipande kidogo kibichi kwa ncha ya ulimi. Likiwa chungu, uchungu wa kukunja uso, tema, na usilipike. Kuchemsha hakuondoi, sukari na nazi hazisaidii, uchungu ule ni sumu ya asili ya jamii ya maboga na inaleta kutapika na kuharisha kukali. Aliyekula na kuanza kutapika au kuharisha sana, hasa mtoto au mzee, apelekwe hospitali.

Linakujaje? Mara nyingi mbegu ilichanganyika msimu uliopita na boga la mapambo au la porini la jamii yake, nyuki hawachagui. Tunda la mwaka ule linakuwa tamu kama kawaida, ila mbegu zake zimeshabeba uchungu, unakuja kuuvuna mwaka unaofuata. Kibuyu cha kuchotea maji hakichanganyiki na boga, hicho usikilaumu. Ng'oa shina lote, mbegu zake usimpe mtu hata akiomba, na za kupanda mwakani chukua kwenye boga ulilochavusha kwa mkono, ua jike ukalifunga kwa uzi jioni kabla halijafunguka, na baada ya kulichavusha asubuhi ukalifunga tena.